Mishipa Niliyoitafuta Tabora

Wiki niliyostaafu, wauguzi wa wodi ya wanaume walinikalisha kwenye benchi la nje, wakanipa kanga doti moja na sufuria, wakasema, "Mama Marta, tuandikie mambo ya zamani." Nadhani walitarajia visa vya kuchekesha kuhusu Wazungu. Vipo, ila vichache, na vilivyo vizuri zaidi haviandikiki. Nilicho nacho kwa wingi ni habari za mishipa. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nimetafuta mshipa kwenye mkono wa mtu aliyezidiwa, nikaingiza sindano, nikakaa pale kungoja kitakachotokea. Habari za vyeo na mishahara mtazisoma kwenye faili langu, kama panya hawajalimaliza.

Nilizaliwa Ntalikwa, kijiji kilicho karibu na mji wa Tabora. Wazazi wangu walilima mihogo na karanga, na walikuwa Wamoraviani wa kwenda kusali hata mvua ya mawe ikinyesha. Nilisoma shule ya misheni mpaka pale walipoishia wasichana wa wakati ule. Kisha mchungaji akamwambia baba kwamba hospitali ya mjini inatafuta wasichana wanaojua kusoma na wasioogopa damu. Baba akajibu, "Huyu huchinja kuku mwenyewe." Huo ndio uliokuwa usaili wangu.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka michache baada ya vita, wakati wanaume waliorudi kutoka Burma walikuwa bado wanavaa makoti ya jeshi sokoni kwenye jua kali. Mmoja wao alikuwa Bwana Mrisho, dresa mkuu, yaani mfunga vidonda wa wodi yetu, mtu wa mtaa wa Ng'ambo, mfupi, mwenye kofia ya viua iliyomtoka kichwani pale tu alipoingia chumba cha upasuaji. Huyo ndiye aliyenipokea siku ya kwanza.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba. Unajua kunoa?"

"Kunoa nini?"

"Basi hujui."

Siku hiyo sikupewa mgonjwa. Nilipewa jiwe, kichupa cha mafuta, na bakuli la sindano butu. Ninyi mnachana karatasi, sindano inatoka imenolewa kiwandani, mnaitumia mara moja mnaitupa. Sisi sindano ya chuma tuliitumia mpaka ikapinda, tukainyoosha, tukaendelea. Nilifundishwa kuilaza kwenye jiwe, kuisugua bila kubadili mlalo wake, kupitisha waya mwembamba ndani yake ili damu ya mgonjwa wa jana isibaki, halafu kuvuta ncha yake juu ya pamba. Ikinasa uzi wa pamba, ina kijindoana. "Na ikinasa pamba itanasa nyama," alisema Bwana Mrisho. "Rudia." Nilirudia mpaka vidole vyangu vikanuka mafuta hata nilipokuwa nakula.

Baada ya jiwe ilifuata mipira. Mipira ya dripu ilikuwa myekundu, mizito, ya kuoshwa kwa kuminywa kama utumbo wa mbuzi kisha kuchemshwa juu ya jiko la primasi. Mpira usiooshwa vizuri ulificha vidonge vidogo vya damu ndani, navyo vilisafiri mpaka kwa mgonjwa mwingine.

Mshipa wenyewe alinifundisha nikiwa nimefungwa kitambaa machoni. Alikunja mkono wa shati lake, akaufunga mkono kwa mpira, akaniambia nitafute. "Macho yanadanganya, Marta. Yanakuonyesha mshipa wa juu, mwembamba, unaokimbia. Ulio imara unausikia kwa kidole. Ukiubonyeza unarudi." Niliukosa mara nyingi. Hakupiga kelele hata mara moja. Alisema tu, "Toka, ingia tena," kana kwamba tunazungumzia mlango. Mikononi mwake alikuwa na alama nyingi za wanafunzi kuliko za Wajapani.

Sasa niwaambie mambo mawili yaliyonifundisha kuiogopa kazi hii kabla sijaanza kuipenda.

La kwanza ni maji. Maji ya chumvi ya kuingiza mshipani hayakuletwa na mtu, tuliyatengeneza wenyewe kwa mtambo wa kuvukiza maji uliokuwa nyuma ya chumba cha dawa. Mwaka wangu wa kwanza, kuni zilikuwa mbichi na mtambo ukawa unazimika, kwa hiyo maji yaliyovukizwa yalikaa kwenye madumu siku kadhaa kabla ya kuchemshwa na kutiwa kwenye chupa. Yalikuwa meupe, safi. Mchana mmoja tuliwawekea wagonjwa wa safu ya dirishani. Chupa hazijafika nusu, wa kwanza akaanza kutetemeka, meno yakagongana, kitanda cha chuma kikawa kinalia. Akafuata wa pili. Kisha safu nzima ikatetemeka, vitanda vyote vinalia kwa pamoja. Bwana Mrisho alipita akifunga vibano vya mipira, akipaza sauti, "Toeni! Toeni zote!" Tuliwafunika mablanketi, wakaungua homa, wakaloa jasho. Wengi walirudi. Mzee mmoja aliyekuwa amepasuliwa ngiri hakurudi.

Daktari, Mwingereza tuliyemwita Bwana Miwani ingawa karibu kila mtu wa kwao alivaa miwani, alituita akatueleza. Kuchemsha kunaua vijidudu, alisema, lakini mizoga yao inabaki ndani ya maji, na damu ya mtu inaitambua mizoga hiyo kama adui. Tangu siku ile maji yaliyovukizwa asubuhi yalichemshwa kabla ya jua kutua, au yalimwagwa. Nimeona vijana wakicheka mzee akimwaga maji safi. Mimi sikucheka.

La pili ni mtoto mmoja aliyeletwa amekauka kwa kuharisha, macho yameingia ndani. Tulipata mshipa kichwani, juu ya sikio, tukauwekea dripu ya kudondoka polepole. Baba yake, fundi baiskeli, alikaa kando ya kitanda akiyatazama matone. Mimi nilikuwa nimeitwa kitanda kingine. Alipoona tone linadondoka, kisha kimya, kisha jingine, akaamini tunamfanyia mwanawe ubahili. Akafungua kibano. Niliporudi chupa ilikuwa tupu na mtoto anatoa povu puani. Mapafu yalikuwa yamejaa.

Alikufa mikononi mwetu. Baba akauliza, "Dawa ilichelewa?" Nilifungua mdomo. Bwana Mrisho akanitangulia: "Ni kazi ya Mungu, ndugu yangu." Tulipotoka nje nilimuuliza kwa nini hakumwambia.

"Ukimwambia utamponya nani?"

"Ana watoto wengine."

"Basi nitamwambia wakiletwa," akasema, akaenda kunawa.

Kwa Bwana Mrisho hiyo ndiyo iliyokuwa sheria. Mgonjwa alipewa dawa, maji na uji. Habari hakupewa, kwa sababu habari humtia hofu, na hofu hukaza mishipa. Nilimwamini. Alikuwa na ujuzi, na wagonjwa walimpenda. Nilimwamini mpaka alipokuja Nyanzobe.

Alikuja na mumewe, Maganga, kwa ile barabara ya zamani ya misafara itokayo magharibi. Maganga alikuwa mlina asali. Walina asali walikaa miezi porini, wakitundika mizinga ya magome kwenye miti ya miyombo, na huko kuna mbung'o, na mbung'o ana malale. Wenzake walimbeba kwa machela mpaka ukingoni mwa mji, wakamwacha hospitalini, wakarudi kwenye mizinga yao. Nyanzobe alifuata nyuma na sufuria kichwani. Watoto wao wawili walikuwa wamebaki kwa bibi yao.

"Mwangaluka," nilimsalimu kwa Kinyamwezi.

Akaitikia, akalitazama gauni langu la kazi, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomtajia ukoo wetu, akatua sufuria. "Basi nitasema na wewe," akasema.

Wengi wenu hamjaona malale. Maganga alikuwa mtu wa miraba minne, mikono ya kupandia miti. Mchana alilala akiwa amekaa, tonge la ugali mdomoni, na mkewe ikambidi alitoe kwa kidole asije akapaliwa. Kisha aliamka ghafla na kumpiga mtu yeyote aliye karibu. Mara nyingi aliyekuwa karibu ni mkewe. Nyanzobe alikuwa na jicho limevimba, akaniambia bila kuulizwa, "Si yeye anayepiga."

Daktari alimtoa maji ya uti wa mgongo. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye ubongo. Kwa hatua hiyo palikuwa na dawa moja tu, na ilikuwa mpya kwetu. Ilitengenezwa kwa aseniki, sumu ileile iliyotumika kwenye majosho kuua kupe wa ng'ombe. Bwana Miwani alimweleza Bwana Mrisho kwa Kiingereza, taratibu, mambo yote mabaya ambayo ingeweza kufanya. Nami nilikuwepo, nilisikia. Bwana Mrisho akamgeukia Nyanzobe akasema kwa Kiswahili, "Dawa ni kali, mama, lakini atapona, inshallah." Nikamtafsiria hivyohivyo kwa Kinyamwezi, kwa maana Kiswahili cha Nyanzobe kilikuwa cha sokoni tu.

Dawa ile haikutaka maji. Bomba la kioo na sindano tulivichemsha, kisha tukavikausha kabisa, kwa sababu hata unyevu mdogo uliigeuza kuwa kama maziwa yaliyoganda, ikawa haifai. Ilibidi iingie polepole mno. Na ilibidi iingie yote ndani ya mshipa. Ikivuja nje huchoma nyama kama kaa la moto. Bwana Mrisho ndiye aliyechoma. Mimi nilishika mkono wa mgonjwa na kutazama ngozi iliyozunguka ncha kama inatuna.

Sindano za kwanza zilikwenda vizuri. Maganga aliacha kulala na chakula mdomoni. Siku moja alinitazama akaniuliza jina langu. Nyanzobe alitoka nje akaketi ukutani akalia kwa furaha, nami nikajiona muuguzi.

Ila mishipa haivumilii dawa ile. Mshipa uliotumika leo, wiki ijayo ni mgumu kama kamba, umechora mstari mwekundu mpaka kwapani. Tukahamia mkono wa pili. Asubuhi ya sindano iliyofuata, Maganga alikuwa ametulia, sindano iko ndani, damu imerudi kwenye bomba kama inavyotakiwa, dawa imeanza kuingia. Mhudumu mmoja akaangusha beseni sakafuni. Maganga akaruka. Nilikuwa nimemshika kwa mikono yote miwili na mkono wake ukapita kati ya mikono yangu kama sikuwepo. Sindano ikatoboa upande wa pili wa mshipa, na kabla Bwana Mrisho hajaondoa kidole, dawa ilikuwa imeshaingia nyamani.

Alinguruma. Sijui neno jingine.

Mkono ukavimba, ukawa mwekundu, ukawa wa zambarau, kisha katikati ukawa mweusi. Ule weusi ulipobanduka, tuliona mishipa myeupe ya kano ikiteleza alipojaribu kukunja vidole. Kila asubuhi nililisafisha lile donda kwa maji ya chumvi, na Nyanzobe alifukuza nzi kwa upindo wa kanga. Alinitazama tu usoni, wakati mimi natazama donda.

Daktari angeweza kuacha. Alikaa na Bwana Mrisho barazani wakazungumza kwa muda mrefu. Wakiacha katikati, malale yangerudi, na yakirudi hayana dawa. Sindano iliyofuata daktari aliichoma mwenyewe, kwenye mguu. Iliingia yote, hata tone halikupotea. Siku chache baadaye Maganga akaanza kulalamika kichwa. Kisha akasema anamwona mdogo wake juu ya dari. Kisha degedege, moja juu ya nyingine, tukamwekea kijiti kati ya meno, tukamchoma dawa ya kutuliza. Alikufa adhuhuri, wakati wagonjwa wengine wanagawiwa chakula.

Nilikwenda kumwambia Nyanzobe, nikamkuta amelala sakafuni kando ya ukuta. Nilidhani amekwisha kuambiwa. Nilipomgusa, alikuwa moto kama chungu. Nyuma ya shingo palikuwa na vitezi, na mguuni palikuwa na uvimbe wa kuumwa na mbung'o ambao hakuna aliyewahi kuuangalia. Alikuwa amekaa porini na mumewe, amekula naye, ameumwa naye, na sisi wiki zote zile tulimtazama kama mtu wa kufukuza nzi. Tulimtoa damu. Wadudu walikuwemo.

Kulikuwa na joto, na hospitali haikuwa na mahali pa kuweka maiti. Vibarua walimzika Maganga jioni ileile katika makaburi ya hospitali, upande wa reli. Nyanzobe hakuwa na fahamu za kutosha kujua.

Alipopata nafuu ya homa, akafika kaka wa marehemu, Kasele. Alikuwa ametembea kutoka kambi ya walina asali baada ya kupata habari za ugonjwa, akitegemea kumkuta ndugu yake mgonjwa. Alisimama mlangoni mwa wodi, vumbi mpaka magotini, kofia mkononi. Nilimwambia mimi, kwa Kinyamwezi, habari za mkono na za kifo. Hakulia. Akauliza mwili uko wapi. Nikamwambia umezikwa.

"Nani alimwosha?"

"Wahudumu."

"Wana majina?"

Daktari akaja, akampa pole, akasema nitafsiri kwamba mjane naye ana malale, na kwamba maji ya mgongo yameonyesha yameanza kuingia kichwani, na kwamba dawa ni ileile. Kasele alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie bwana huyu," akasema, "mmechukua mkono wa ndugu yangu. Mkachukua roho. Mkachukua mwili. Sasa mnataka na mkewe? Shemeji, funga mzigo wako, tunaondoka."

Nyanzobe alikuwa ameketi kitandani. "Nipe mpaka kesho, shemeji," akasema.

"Kesho ya nini?"

"Ya kuuliza."

Mchana ule aliniita, akaniambia nikae kitandani kwake, jambo ambalo kwa sheria za wodi lilikuwa marufuku. Nikakaa.

"Yule mzee wa kofia alisema atapona," akasema. "Wewe ndiye uliyenitafsiria. Sasa sitaki alichosema mzee. Niambie ulichokiona kwa macho yako."

Bwana Mrisho alikuwa upande wa pili wa wodi, akikunja bandeji. Nilimtazama, halafu nikamwambia Nyanzobe. Nilimwambia ugonjwa uko ndani yake, na akienda nyumbani ataanza kulala na tonge mdomoni. Nikamwambia wengi wanaochomwa hupona, lakini baadhi dawa yenyewe huwaua, kama ilivyomwua Maganga, na hakuna anayejua mapema ni nani. Nikamwambia ikiwa ndani ya mshipa haiwaki, ila ikivuja nje itamla mkono.

"Maganga aliuawa na mkono au na dawa?"

"Na dawa. Mkono ungepona, ingawa vidole visingekunjika."

"Na bila dawa?"

"Angekufa. Polepole, na wewe ukitazama."

Alivuta uzi kwenye kanga yake. "Kwa hiyo mliwahi kumfanya aulize jina lako," akasema mwishowe. "Siku ile alikuwa yeye."

"Ndiyo. Alikuwa yeye."

"Nichomeni. Lakini uchome wewe."

"Sijawahi kuichoma dawa hii, dada. Nimeshika mikono tu."

"Ndiyo maana utaogopa. Anayeogopa hutazama."

Kesho yake alimwambia shemeji yake anabaki. Kasele alimwambia kwamba mke wa ukoo haamui peke yake, na akibaki asitegemee kuwakuta watoto pale alipowaacha. Kasele alikaa nje ya lango siku nzima, na sisi tulidhani anakusanya hasira. Jua lilipoanza kupoa alikuja, akaweka mfuko wa unga wa mtama miguuni mwa shemeji yake, akaondoka. Mpaka leo sijui nimweke upande gani mtu yule.

Bwana Mrisho alinikasirikia kuliko siku yoyote. "Umemtisha mgonjwa, halafu unataka mshipa! Utaupata wapi?" Lakini alipokwisha kusema, aliniletea jiwe lake mwenyewe, lile alilotoka nalo Burma, ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuligusa. Nikanoa sindano mpya mbele yake. Akaipitisha kwenye pamba. Akaipitisha tena.

Ikafika siku ya sindano ya kwanza. Nyanzobe alikataa kushikwa. Alilaza mkono wake kwenye mto, akaukunjua mwenyewe, akageuza uso akautazama. Nilifumba macho, nikatafuta kwa kidole, nikausikia. Damu ikarudi. Nikaanza kusukuma, polepole, mpaka nikahisi muda umesimama.

"Panawaka," akasema.

Niliacha hapohapo. Ngozi haikuwa imetuna. Bwana Mrisho akainama, akabonyeza, hakuona kitu. "Endelea," akasema.

"Panawaka pembeni, si ndani," Nyanzobe akarudia. "Uliniambia ndani hapawaki."

Nilichomoa. Tulipoangalia vizuri, baada ya muda, palitokea doa dogo kama punje ya mtama, jekundu, ambalo baadaye lilimenyeka likaacha kovu. Lingekuwa donda la Maganga. Nilitafuta mshipa mwingine, dawa ikaingia. Wiki iliyofuata nilimsikia Bwana Mrisho akimwambia mgonjwa wa kitanda cha mbali, "Ukisikia moto, sema. Usinionee haya." Hayo ndiyo mafunzo ninayowaachia, wadogo zangu, kuliko yote ya jiwe na mpira. Mtazame mgonjwa, lakini pia mweleze, ili naye ajitazame. Ngozi huchelewa kusema. Mwenye ngozi hachelewi.

Baada ya sindano moja Nyanzobe aliumwa kichwa. Daktari alikuja, akakaa. Wote tulijua tunangoja nini. Nyanzobe naye alijua, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia. Aliniomba nimsokote nywele, nikamsokota mistari mitatu minne, halafu akalala. Tulimwangalia akilala kama watu wanaoangalia sufuria ya maziwa motoni. Aliamka akaomba uji.

Alimaliza dawa yote. Siku ya kuondoka mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na miembe ya barabara ya zamani ilikuwa imesafishwa vumbi. Alifunga mzigo wake, akaja kuniambia, "Sasa nipeleke kwake."

Nilikuwa nikiiogopa siku hiyo. Nilimpeleka makaburini, upande wa reli. Vibarua waliweka kigingi chenye namba kwenye kila kaburi, lakini vigingi vilikuwa vya miti ya kawaida, na mchwa walikuwa wamevila vyote mpaka ardhini. Kibarua aliyemzika Maganga alikuwa ameandikishwa manamba, amepelekwa kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga. Mbele yetu palikuwa na matuta mapya mengi, yote yameota majani ya mvua.

"Ni lipi?"

"Sijui, dada."

Nilitegemea alie, au anitukane, na ningelipokea lolote. Alitembea kati ya matuta taratibu, mzigo kichwani, akirudi na kwenda. Akasimama.

"Watoto utawapata?" nilimuuliza, kwa sababu nilihitaji kusema kitu.

"Nitakaa mlangoni kwa mama mkwe mpaka atoke. Lazima atatoka, ana kuku." Akatua mzigo. "Maganga yumo humu?"

"Yumo. Katika haya."

"Basi."

Akapiga magoti kwenye tuta la kwanza, akaanza kung'oa majani kwa mikono. Aliling'oa lote mpaka likabaki udongo mtupu, mwekundu, akalipiga kwa viganja likalainika. Nilidhani amechagua hilo. Akainuka, akahamia tuta la pili.

Wodini walikuwa wananingoja. Nilitazama jengo, nikatazama matuta, yalivyo mengi. Kisha nikalikunja gauni langu la kazi, nikachuchumaa, nikaanzia tuta la upande wa pili.